Pedali za kunasa kwa baiskeli ya barabarani: SPD-SL, Keo, SPD au Speedplay?

Kanyaga_Taratibu
Wakuu, salaam. Nimezoea pedali bapa, sasa nataka kuhamia za kunasa, zile zinazoshika kiatu. Baiskeli ni ya barabarani, safari zangu ni ndefu na ni lami tupu, ila njiani huwa nashuka na kutembea kidogo. Viatu sijanunua bado, kwa hiyo hakuna mfumo ulionifunga. Jambo jingine: goti la kulia huanza kulalamika nikikaa sana juu ya tandiko.

Nimebaki na nne: Shimano SPD-SL, Look Keo, SPD zile za baiskeli za milimani, na Speedplay za Wahoo. Kila ninayemuuliza ananitajia uzito. Ndicho cha kuangalia kweli?

Fundi_Spoki
Uzito uweke mwisho kabisa, ndugu. Chukua Shimano peke yake: jozi ya 105 R7000 ni gramu 265, Ultegra R8000 ni 248, Dura-Ace R9100 ni 228. Kutoka ya chini hadi ya juu ni gramu 37, yaani mafunda mawili ya maji kwenye chupa yako. Unacholipia zaidi huko juu ni beringi na umaliziaji. Mguu wenyewe utanasa vilevile.

Anza na soli ya kiatu. SPD-SL na Keo hufungwa kwa skrubu tatu, SPD kwa mbili. Speedplay asili yake ni matundu manne, lakini huja na bamba la kuifungia kwenye soli ya matundu matatu. Ukinunua kiatu, pedali umeshaichagua nusu.

Na sura zisikudanganye. Kliti, yaani kile kipande cha chini ya kiatu kinachonaswa na pedali, ya Keo na ya SPD-SL zinafanana kama mtu na nduguye, ila haziingiliani. Hata Keo na Delta, zote za Look, kila moja ina pedali yake.

Mama_Gia
Umesema unashuka na kutembea, kwangu mjadala umeisha: SPD. Kliti ni kipande kidogo cha chuma kilichozama ndani ya soli, kwa hiyo unakanyaga chini kwa mpira wa kiatu. Kliti ya skrubu tatu ni plastiki inayochomoza. Kwenye sakafu laini unateleza, na kila hatua unaisaga kidogo kidogo. Isitoshe SPD za kawaida zinanasa pande zote mbili. Taa ikiwaka kijani unakanyaga tu, hakuna kuinamisha kichwa kutafuta upande.

Ndiyo, ni nzito. M520, SPD ya Shimano, ni gramu 380 kwa jozi. Fundi ameshakwambia uzito uuweke wapi.

Mlima_Haupungui
Dada, kwa heshima zote, hapo unampeleka mtu wa lami kwenye vifaa vya matope. Kliti pana ina raha yake: unaposimama juu ya pedali mlimani, mguu unahisi umekaa kwenye ubao mpana. Ile ndogo, safari ikirefuka, inaweza kukuletea moto sehemu moja ya unyayo.

Kwa kutembea kuna vifuniko vya mpira vya kliti. Vinaingia mfuko wa nyuma wa jezi.

Mama_Gia
Moto wa unyayo unatoka kwenye soli laini, si kwenye kliti ndogo. Mvalishe kiatu chenye soli ngumu ya matundu mawili, kisha tuzungumze. Na hivyo vifuniko tunavijua sote: siku unayovihitaji viko nyumbani.

Bapa_Milele
Nipite haraka. Hamumwambii kwamba anaweza kubaki alipo? Ile hadithi ya kuvuta pedali juu na kupata nguvu ya bure haina mashiko. Watu wakipimwa maabara huku wameambiwa wavute kwa makusudi, mwili unatumia nishati zaidi kwa kazi ileile.

Fundi_Spoki
Mzee, kwenye kuvuta uko sahihi, na atakayenunua kwa sababu hiyo atasikitika. Lakini faida haiko huko. Ukizungusha kwa kasi, au ukipita lami mbovu, mguu hautoki mahali pake, na kila mzunguko unaanza pale ulipoanza uliopita. Kwa mtu wa safari ndefu hilo ni jambo kubwa. Ubaya ni kwamba kliti ikifungwa vibaya, goti nalo linarudia kosa lilelile maelfu ya mara.

Goti_la_Chuma
Hapo ndipo penye habari yenyewe, na mmezunguka sana kufika.

Kanyaga_Taratibu, kwa goti lako angalia nafasi ya kisigino kucheza kushoto na kulia mguu ukiwa umenaswa. Hiyo inaamuliwa na kliti zaidi ya pedali. SPD-SL zina rangi tatu: nyekundu haichezi kabisa, bluu nyuzi 2, njano nyuzi 6. Keo nazo tatu: nyeusi sifuri, kijivu 4.5, nyekundu 9. Umeona mtego? Nyekundu ya Shimano imekaza kabisa, nyekundu ya Look ndiyo iliyo huru kuliko zote. Mtu anahama mfumo, anaomba "nyekundu kama kawaida", kisha anashangaa nyonga inamuuma.

Speedplay ni ukoo mwingine. Pedali ni kidude cha mviringo, na utaratibu wote wa kunasa uko kwenye kliti chini ya kiatu. Unapata kuanzia 0 hadi nyuzi 15, na kuna skrubu mbili za mipaka: moja kwa kisigino kwenda ndani, nyingine kwenda nje. Kama mguu wako wa kulia kwa asili umeelekea nje, unampa nafasi huko bila kumfungulia upande wa pili. Hakuna springi inayokurudisha katikati, kwa hiyo mwanzoni utahisi kama unakanyaga barafu. Wengine hawaizoei kamwe. Nayo inanasa pande zote mbili.

Bei yake ni usumbufu. Vumbi na mchanga vikiingia kwenye kliti, kunasa kunakuwa kugumu, kwa hiyo usitembee nayo bila kifuniko. Kwa goti sumbufu sana ningeenda huko. Kwa goti linalolalamika mwishoni mwa safari, SPD-SL ya njano au Keo ya kijivu inatosha, mradi ufunge vizuri.

Kanyaga_Taratibu
Asante sana mkuu. "Funga vizuri" ndiyo vipi? Na kuanguka je? Kusema kweli ndicho ninachokiogopa.

Goti_la_Chuma
Vaa kiatu, bonyeza upande wa ndani mpaka upate ile nundu ya mfupa chini ya kidole gumba. Tia alama kwa kalamu kwenye kiatu. Anza na ekseli ya pedali ikiwa chini ya alama hiyo, au kliti irudi nyuma milimita chache. Wenye kano ya Achilles, ile ya nyuma ya kisigino, inayouma hupata nafuu wakirudisha nyuma. Kuhusu pembe, kaa juu ya meza, miguu ining'inie, angalia vidole vinaelekea wapi vyenyewe. Usimlazimishe mguu kunyooka ati kwa sababu wa kwenye picha umenyooka.

Kisha pima tandiko upya. Kiatu kipya na pedali mpya hubadilisha umbali kati ya unyayo na ekseli, na goti linalouma mara nyingi ni tandiko lililokosewa, kliti imesingiziwa tu. Maumivu yakiendelea, muone mtaalamu wa viungo, usiendelee kuhangaika na skrubu.

Mlima_Haupungui
Kuanguka: utaratibu huu Look waliutoa kwenye vifungo vya ubao wa kuteleza thelujini, wakaleta pedali yao 1984, na Bernard Hinault akashinda nayo Tour de France 1985. Ndiyo maana unatoka kwa kusokota kisigino nje. Kuvuta mguu juu, kama wanavyofanya wengi wakishikwa na hofu, hakukutoi.

Hatari iko unaposimama. Chomoa mguu mmoja wakati baiskeli bado inatembea, kisha egemea upande huohuo. Wanaoanguka wengi wamechomoa kulia, wakalalia kushoto.

Fundi_Spoki
Kwenye pedali za springi kuna skrubu ndogo ya kukaza na kulegeza. Legeza hadi mwisho, pande zote sawasawa, kaza baadaye ukizoea. Kwenye SPD una njia ya ziada: kliti ya SH56 inaachia hata ukivuta kwa kuinua kisigino, wakati SH51 inaachia kwa kusokota tu. Kwa mwoga, SH56.

Kanyaga_Taratibu
Basi nimeamua: SPD, kiatu cha soli ngumu, SH56 kwa kuanzia. Goti likikataa, nitahamia njano ya SPD-SL.

Mlima_Haupungui
Utarudi tu.

Mama_Gia
Mwache kijana atembee wima.

Fundi_Spoki
Kabla hujafunga: paka grisi kwenye nyuzi za ekseli, ile mikato ya kama skrubu. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume, inakazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Anza kwa vidole vitupu. Ikigoma, usilete spana. Soma kwanza L na R kwenye ekseli.