Saiba ya Kondele, Kisumu, ilisajili PIN yangu ya kodi kwa barua pepe yao. Wadau, angalieni zenu leo

Wadau, naandika nikiwa nimekasirika, na naomba msome hata kama hamjawahi kukanyaga Kondele.

Wiki iliyopita niliketi nyumbani kujaza ritani ya kodi kabla ya tarehe 30 Juni, maana ukichelewa faini inaanzia shilingi 2,000 na mimi pesa hiyo sina. Fomu ya P9, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, nilikuwa nayo tayari. iTax, tovuti ya kodi ya KRA (Mamlaka ya Mapato), ikakataa paswadi yangu. Nikaomba nyingine, mfumo ukajibu kwamba ujumbe umetumwa kwa barua pepe yangu. Nikangoja. Nikatazama hadi kwenye spam, hakuna kitu. Ndipo nikatoa kile cheti cha PIN nilichochapishiwa miaka saba iliyopita nilipopata kazi ya kwanza, nikasoma vizuri kwa mara ya kwanza. Barua pepe iliyoandikwa pale si yangu. Ni ya saiba, lile duka la intaneti lililonifungulia PIN.

Nikapanda matatu nikaenda. Yule kijana wala hakushtuka. Aliniambia, "Auntie, hiyo email ni yetu, tunawekea customers wote. Toa 300 nikufungulie." Yaani nilipe ndiyo nirudishiwe ufunguo wa nyumba yangu mwenyewe! Nililipa, kwa sababu siku zilikuwa zinaisha, na hadi sasa moyo unaniuma.

Alipofungua ile barua pepe nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilichokiona ndicho kilichonifanya niandike. Jumbe za watu wengi mno, moja juu ya nyingine: za kodi, za HELB (mikopo ya wanafunzi), za eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), majina kamili, viungo vya kubadilisha paswadi. Yeyote anayeketi kwenye kiti kile anaweza kuwa mimi, anaweza kuwa wewe. Nikamuuliza vijana waliofanya kazi hapo kabla yake wako wapi. Akasema walishaondoka. Paswadi ya barua pepe je, ilibadilishwa walipoondoka? Akanyamaza, akaendelea kuchapa.

Si hilo tu. Kwenye uso wa kompyuta kulikuwa na picha za vitambulisho zimetapakaa kama karanga kwenye sinia. Hati ya shamba ya mtu. Vyeti vya KCSE. Barua ya hospitali yenye jina la mgonjwa na ugonjwa wake. Kitambulisho changu mimi, mbele na nyuma, kilichoskaniwa zamani, bado kipo, na mwanafunzi aliyekuwa anangoja kuprinti kazi yake alikuwa anaviangalia vyote.

Halafu akaingia mama mmoja mzee, nadhani ametoka sokoni Kibuye, maana alikuwa bado na aproni. Akampa kijana karatasi, akamwambia, "Nyathina, niandikie wewe, macho yangu hayaoni vizuri." Kijana akachukua daftari la shule, la kurasa 96, akaandika humo jina la mama, namba ya kitambulisho, namba ya simu na paswadi. Daftari likarudi juu ya meza, wazi, karibu na mashine ya kufotokopi. Nyathina ni "mwanangu" kwa Kijaluo; ndivyo yule mama alivyomwita. Alimwamini kama mwanawe, na siri zake zote zikaachwa mezani kila mpita njia azisome.

Najua mtasema saiba zinatusaidia, si kila mtu ana kompyuta. Ni kweli, nami nitaendelea kwenda saiba. Ndiyo sababu nataka zifanye kazi yake sawasawa. Kumfungulia mteja barua pepe yake mwenyewe kunachukua dakika chache, na ni bure. Kumwambia aandike paswadi kwa mkono wake hakuhitaji shahada.

Kuna mwenye saiba mmoja aliyenijibu, nilipolalamika, kwamba mambo ya data ni ya benki na makampuni makubwa. Si kweli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamgusa yeyote anayekusanya na kuhifadhi taarifa za watu wengine kwa biashara. Inampa mteja haki ya kudai taarifa zisizohitajika tena zifutwe. Data zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, mwenye biashara anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Udogo wa duka hauondoi wajibu huo.

Sasa sisi wateja. Nimekuwa karani wa ofisi muda mrefu na bado nilinaswa, kwa hiyo haya nayasema kwa uchungu. Toa cheti chako cha PIN sasa hivi usome barua pepe iliyoandikwa. Ingia eCitizen uangalie namba ya simu na barua pepe kwenye wasifu wako. Ukikuta si zako, usingoje hadi Juni, nenda ofisi ya KRA au Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, na kitambulisho chako halisi.

Ukiwa saiba, kabla hujaingia popote bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja kwenye Chrome. Linafunguka dirisha la faragha ambalo likifungwa halibaki na paswadi wala historia. Lakini faili ulizopakua zinabaki, na hapo ndipo wengi tunaumia: P9, risiti ya ritani, barua ya kazi, zote zinalala kwenye folda ya Downloads. Ukizifuta kwa kawaida zinahamia Recycle Bin tu, na anayekufuata anaweza kuzirudisha. Shikilia Shift ukibonyeza Delete, uangalie kwa macho yako zinaondoka. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi paswadi, kataa. Yule kijana alibonyeza ndiyo mbele yangu bila hata kuniuliza.

Na hii tabia ya "nitumie kwa WhatsApp nikuprintie" tuiache, jamani. Faili ikishapakuliwa kwenye kompyuta yao, hata ukifuta ujumbe kwa wote, nakala inabaki kule. Kama umewahi kufungua WhatsApp yako kwenye kompyuta ya saiba, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa ndani ya simu yako uone. Mimi niliikuta moja niliyoisahau, nikaitoa mikono ikitetemeka.

Watu wa ofisini pia msinyamaze. Karatasi ya mishahara kwenye Excel yenye safuwima iliyofichwa haijalindwa, mtu anabofya mara mbili tu na kila kitu kiko wazi. Kuzuia kuhariri kurasa nako si kuifunga faili. Wekeni paswadi ya kuifungua faili yenyewe, na hiyo paswadi msiitume kwenye barua pepe moja na faili.

Kesho asubuhi narudi Kondele kabla ya kazi. Barua pepe yangu nimeshaanza kuibadilisha. Ninachotaka sasa ni kitambulisho changu kifutwe kwenye ile kompyuta nikiwa nimesimama pale, na ukurasa wenye jina la yule mama utolewe kwenye daftari. Kama kuna mtu humu anayemjua mwenye ile saiba, amwambie naja. Na kama wewe ulifunguliwa PIN pale miaka ile, andika hapa chini, twende pamoja.