Barabara ya Uhuru, Iringa: tuipunguzie magari au tuiache?

Kamwene wanyalukolo. Naleta hoja, nipopoeni kwa hoja.

Kipande cha Barabara ya Uhuru kinachopita katikati ya mji kipunguziwe magari. Njia za miguu zipanuliwe, paking ya pembeni iondoke, viwekwe viti, miti, taa na choo cha umma (choo kwanza, jamani). Mabasi ya mikoani yalishahamia stendi ya Igumbilo. Malori ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, yanapita kule chini Ipogolo. Kinachotubana mjini ni gari la mtu mmoja lililoegeshwa tangu asubuhi, huku mama mwenye ndoo ya nyanya kichwani anaruka mtaro.

Boma la mwaka 1914, lililoanza kama hospitali ya Wajerumani na kuwa makumbusho mwaka 2016, haliko mbali na soko kuu. Lakini mgeni wa hifadhi ya Ruaha analala kwetu, alfajiri huyo kaondoka. Angebaki, angeketi wapi?

Najua mtakachouliza: machinga. Mwaka 2018 walianza kupewa vitambulisho vya shilingi 20,000, mwaka 2021 wakaambiwa watoke barabarani. Kwetu kupendezesha mji huanza kwa kumfukuza muuza mahindi ya kuchoma, na hapo ndipo siafiki. Meza zao zichorwe kwenye ramani kabla ya maua. Forodhani ya Zanzibar, bustani ya pwani yenye soko la vyakula la usiku, ilikarabatiwa, ikafunguliwa upya 2009, na wauza vyakula wakarudi. Bila wao nani angekwenda kutazama nyasi?

Mwenye duka: Nauza bati na saruji. Paking ikiondoka, mteja abebe bati begani? Kirikuu ishushe wapi?

Mleta mada: Mzigo ushuke mpaka saa tatu asubuhi, baada ya hapo mtaa wa nyuma. Kwa bati itakuwa usumbufu, sikufichi. Ila hoja hiyo kwa wauza vitenge na simu siielewi, wateja wao wengi wanakuja kwa miguu.

Mdau wa Gangilonga: Forodhani kuna joto, mkuu. Huku Juni jua likizama upepo unakata masikio. Na hiyo miti yako itatunyima hata jua la kuota.

Mleta mada: Ndiyo maana sisemi soko la usiku. Nasema saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Viti viwe upande wa jua, miti upande wa pili.

Mzee wa zamani: Choo atafagia nani? Tumejenga vingapi vikafungwa kwa kufuli?

Mleta mada: Kikundi cha machinga wenyewe wakiendeshe, ada ibaki kwao. Halmashauri ikikisimamia peke yake, kufuli hilo nami naliona.

Dereva wa bajaji: Mmepanga viti, mmepanga maua. Kijiwe chetu kiko wapi? Nani atampeleka bibi mpaka Kihesa na gunia lake?

Mleta mada: Kila mwanzo wa kipande kuwe na kijiwe, hatua chache kutoka sokoni. Tuanze na Jumapili tu, maduka mengi yakiwa yamefungwa. Bibi akilalamika, tunahamisha vizuizi Jumatatu.

Dereva wa bajaji: Jumapili sawa. Siku za kazi tutaongea.