Marinda ya kuzungushia mfarishi wa viraka: kitambaa kiasi gani, na kona je?

Kiraka_Juu: Habari mafundi. Mfarishi ni sm 150 kwa 200, tabaka zote tatu (uso, pamba ya katikati na nyuma) zimeshashonwa pamoja mpaka ukingoni. Nataka marinda yatokeze sm 8 pande zote. Nikate kitambaa kiasi gani?

Sindano_Nene: Mzunguko ni sm 700, zidisha mara mbili: mita 14. Ukipunguza, marinda yanakuwa haba. Ukanda ukunje katikati kwa urefu, uso nje, usihangaike na kupinda. 8 na 8, ongeza 1.2 ya mshono kila upande, ni sm 18.4. Kwenye kitambaa cha upana wa sm 110 utatoa kanda 14, karibu mita 2.6. Nunua mita 3, uzifue kabla ya kukata, maana pamba hurudi.

Unga kanda ziwe duara, zikunje, kisha pitisha mistari miwili ya kufinyia kwa mshono wa mm 5: mmoja sm 0.6 kutoka ukingoni, mwingine sm 1. Kila baada ya mita moja kata uzi uanze upya. Uzi mmoja wa mita 14 lazima ukatike ukiuvuta. Vuta uzi wa bobini, yaani wa chini, kitambaa kijikunje.

Pindo_Safi: Usigawe duara robo nne sawa. Upande wa 150 upe mita 3, wa 200 mita 4. Kona zichore kwa sahani uzikate mviringo, halafu sogeza mikunjo mingi hapo kuliko kwenye mistari iliyonyooka. Ukingo wa nje wa rinda una safari ndefu kuliko mshono wake, kwa hiyo kitambaa kikipungua kona hujikunja kama bakuli.

Kiraka_Juu: Na ncha za nyuma nizifiche vipi, ikiwa kitambaa cha nyuma hakifunguki?

Pindo_Safi: Kata ukanda wa mshazari wa upana wa sm 5. Laza rinda juu ya uso wa mfarishi, ukingo uliokunjwa ukiangalia katikati, kisha ukanda juu yake, uso chini, ncha zote zilingane. Shona sm 1.2 upande wa rinda ukiwa juu, ukizuia mikunjo kwa ncha ya sindano isisukumwe na mguu wa cherehani. Kwenye kona bana ukingo wa rinda kwa pini kuelekea ndani, la sivyo utaushonea humo humo. Punguza pamba iliyo ndani ya mshono, geuza rinda nje. Ukanda utaenda nyuma wenyewe. Upinde sm 1.2, umalizie kwa mkono.