Naomba ushauri kuhusu zinki risinoleti katika dawa ya kwapa

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaishi Ngamiani, Tanga, ambako ninatengeneza dawa ya kuzuia harufu ya kwapa kwa mafuta ya nazi, nta ya nyuki na bekingi soda. Mdogo wangu wa kike alipoitumia kwa siku tatu, makwapa yake yalibabuka na kuwasha, jambo lililoniumiza sana. Kwa hiyo nimeiacha bekingi soda na kuchukua zinki risinoleti, inayotokana na mafuta ya nyonyo, ambayo haizibi jasho wala haiui bakteria, bali hunasa harufu yenyewe.

Tatizo ni kwamba niliiyeyusha pamoja na nta kwa kiwango cha asilimia 3, lakini ilipopoa zilibaki punje nyeupe, ngumu kama chenga za mchele, zinazokwaruza ngozi. Je, moto wangu ulikuwa mdogo, au niliipoza haraka mno? Na kwa kuwa mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, niongeze nta kiasi gani ili zinki hiyo isitulie chini wakati wa joto letu la Februari?