Mwenye nyumba kakanseli buking yangu ya Lorne siku 9 kabla ya safari, halafu kaiweka tena kwa bei ya juu

Wakuu habari za usiku. Naandika nikiwa na hasira kwelikweli kwa hiyo mtanivumilia uzi ukiwa mrefu, nimejaribu kulala tangu saa nne nimeshindwa.

Nipo Melbourne, Australia, mwaka wa saba huu. Mama yangu alikuja mwezi wa nane kutoka Pangani kututembelea, mara yake ya kwanza kutoka nje ya Tanzania, na kwa umri wake na yale magoti yake sidhani kama ile safari ya ndege ataweza tena. Anaondoka tarehe 9 Novemba. Miezi yote hii yupo ndani huku kwetu magharibi mwa jiji, mchana nyumba tupu, sisi kazini watoto shule, yeye anaangalia uzio wa jirani. Wiki ya kwanza tu aliniuliza, "Mwanangu, hivi bahari ya huku iko wapi?" Nikampeleka Williamstown, akaitazama ile ghuba kama dakika kumi hivi, akasema hapana, haya maji yamefungwa, mie nataka bahari yenyewe. Na kweli ghuba ya Port Phillip imezungukwa na nchi kavu karibu kote, mlango wake wa kutokea baharini ni mwembamba na uko mbali. Mtu wa Pangani umwambie hiyo ndio bahari atakubalije.

Ndio nikaanza kupanga Lorne. Kwa msiopajua, ni kamji kadogo ka pwani, wakazi wake elfu moja na kidogo, kama kilomita 140 kutoka Melbourne, masaa mawili kwa gari ukipita Geelong mpaka Torquay, hapo ndipo inapoanza ile barabara ya Great Ocean Road inayokumbatia bahari, halafu Anglesea, Aireys Inlet, ndio unafika. Ile barabara ilichimbwa na wanajeshi waliorudi kutoka vita ya kwanza ya dunia, kuanzia 1919 mpaka 1932, kwa sururu na baruti, na waliijenga iwe kumbukumbu ya wenzao waliokufa vitani. Nilishamhadithia mama habari hiyo yote. Ila kilichonifanya nichague Lorne na sio mji mwingine ni kwamba ufukwe wake umeangalia mashariki, jua linachomoza kwenye maji kama kwetu. Nilitaka aswali alfajiri yake halafu akae barazani alione jua la huku linavyotoka. Hilo tu wakuu, sikuwa na makuu mengine.

Sasa Lorne tatizo lake ni mji wa kilimani. Milima ya Otway inashuka mpaka baharini kwa hiyo nyumba nyingi zimejengwa juu ya nguzo ili watu waione bahari, na kila nyumba nzuri unayoiona kwenye picha ina ngazi kumi na tano, ishirini, na zingine bafu lipo chini vyumba vipo juu. Mama ngazi tano tu anashika ukuta. Halafu lazima pawe na jiko, maana mama hali nyama asiyojua imechinjwaje, kwa hiyo mpango ulikuwa tununue nyama kwenye bucha letu la halali huku mjini tubebe kwenye boksi la barafu, yeye na mke wangu wapike. Kwa hiyo moteli yenye birika na maikrowevu haitufai. Halafu wikiendi niliyoipata ni ile ya Melbourne Cup, yale mashindano ya mbio za farasi, Jumanne ya kwanza ya Novemba huku ni sikukuu na watu wengi wanaiunganisha na Jumatatu, basi wenye nyumba nao wanaweka masharti ya usiku tatu au nne, ukitaka usiku mbili hawakuelewi. Nilitafuta wiki tatu, kila nikitoka shifti ya usiku nakaa na simu mpaka macho yanauma.

Nikaipata kwenye mtandao mmoja wa kupangisha nyumba. Nyumba ya chini, kingazi kimoja tu mlangoni, bafu halina kizingiti, jiko la gesi, baraza inaona maji. Nikamwandikia mwenye nyumba kabla hata sijalipa, nikamweleza kila kitu, mama ana magoti, anasafiri tarehe fulani, tunataka Jumamosi tarehe 1 mpaka Jumatatu tarehe 3, watu wazima watatu watoto wawili, hakuna sherehe hakuna pombe. Akajibu vizuri kabisa eti mama yako atapapenda sana hapa. Hiyo meseji ninayo mpaka leo. Nikalipa siku hiyo hiyo, ilikuwa Agosti, dola 940 jumla, humo ndani kuna hela ya usafi, kuna ada ya mtandao wenyewe, na kuna ile tozo ya asilimia 7.5 ambayo serikali ya Victoria, jimbo letu huku, ilianza kutoza nyumba za kupangisha siku chache toka Januari 2025. Zote nililipa bila kunung'unika. Ikaja meseji: buking yako imethibitishwa.

Neno "imethibitishwa" naomba mlishike, maana ndio ugomvi wangu wote.

Baada ya hapo nikapanga maisha yangu kwa neno hilo. Kazini nikaachia shifti ya Jumanne. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, na wanaofanya kazi hiyo wanajua siku ya sikukuu tunalipwa zaidi ya mara mbili ya siku ya kawaida, ni hela ya karo ile, lakini nilijua tutarudi Jumatatu jioni tumechoka, nikasema Jumanne nitakaa na mama, siku zake zimekwisha. Nikakodi gari la siti saba, wakazuia dipoziti ya dola 500 kwenye kadi. Mama akamwambia dada yangu Tanga, dada akawaambia ukoo mzima. Kanga mbili mpya amezipiga pasi zipo juu ya begi tangu wiki iliyopita.

Alhamisi tarehe 23, saa tisa mchana, meseji. Buking yako imefutwa na mwenye nyumba. Sababu, matengenezo ya dharura ya mabomba. Pole kwa usumbufu, fedha zako zitarudi ndani ya siku 5 hadi 10 za kazi, na hii hapa kuponi ya dola 60.

Nilivyokuwa mjinga nikamwandikia pole. Nikamwambia nyumba ni nyumba, bomba linapasuka, naelewa. Hakujibu. Usiku ule ule jamaa yangu mmoja Mkongo tunayefanya naye kazi, anaishi Dandenong, akaniambia kaka hebu ngoja niangalie kwa akaunti yangu. Akafungua. Nyumba ile ile, picha zile zile, baraza ile ile, tarehe zile zile 1 mpaka 3, ipo wazi. Dola 1,520. Mabomba yamepona ndani ya masaa sita!

Nina skrinshoti zote, yenye bei yangu na yenye bei mpya, saa zinaonekana.

Nikawapigia watu wa huduma kwa wateja wa mtandao. Nimeongea na watu wanne tofauti, kila mmoja naanza hadithi upya, kila mmoja ananiambia anaelewa ninavyojisikia. Wa tatu ndio kaniambia kwamba mwenye nyumba ana haki ya kufuta na wao wameshanirudishia hela yangu kwa hiyo kwa upande wao suala limefungwa. Nikamuuliza, je mimi ningefuta Alhamisi hiyo hiyo ingekuwaje? Kimya kidogo, halafu akanisomea: zikibaki chini ya siku 30 mgeni anapoteza nusu. Yaani mimi ningefuta, dola 470 zinabaki kwao hata kama mama kalazwa hospitali. Yeye anafuta zikiwa zimebaki siku 9, anapata dola 580 za ziada kutoka kwa mtu mwingine, mimi nabaki na kuponi ya dola 60 ambayo nikitaka kuitumia sharti nipange kwao tena.

Hapa ndipo ninapokasirika wakuu. Sio hela. Hela yangu itarudi, najua. Ni kwamba neno kuthibitisha linanifunga mimi peke yangu. Mimi ndio nimethibitisha, yeye hajathibitisha chochote, alikuwa ananishikilia tu kama akiba mpaka aone kama wikiendi ya Cup itamletea mtu wa bei kubwa zaidi. Sokoni kwetu ukishapokea hela ya mtu ukamwambia samaki wako huyu hapa, ukimuuzia mwingine kwa sababu kaongeza, soko zima watakusema. Huku inaitwa sera ya ukanselishaji.

Nimesoma sheria kidogo usiku huu, nawawekea ili isaidie wengine. Sheria ya walaji ya Australia inakataza mfanyabiashara kupokea malipo ya huduma huku hana nia ya kuitoa, na inakataza kudanganya wateja. Tume yao ya ushindani na walaji, ACCC, inapokea taarifa lakini haitatui kesi ya mtu mmoja mmoja. Kwa huku Victoria unaanzia Consumer Affairs Victoria kwa ushauri, mkishindwana unaweza kufungua shauri VCAT, ile baraza ya madai. Taarifa nimeshajaza, skrinshoti nimeambatanisha. Sijui itafika wapi ila siwezi kunyamaza, maana huyu mwenye nyumba mwezi wa kumi na mbili atamfanyia mwingine.

Na msiniambie ningepanga hoteli. Hoteli za Lorne wikiendi ile zilizobaki ni chumba kimoja kimoja, tunahitaji viwili, jiko hakuna. Msiniambie pia nimpeleke Twelve Apostles, zile nguzo za mawe baharini, kwa siku moja kama wanavyofanya watalii wa mabasi, ukifuata ile barabara ya pwani ni zaidi ya masaa matatu na nusu kwenda tu, arudi usiku goti limevimba, halafu pale ukitaka kushuka ufukweni kwenye Gibson Steps kuna ngazi 86. Hata treni nimeangalia. Nauli sio shida kabisa, tangu Machi 2023 treni na mabasi ya mikoani Victoria yana kikomo cha nauli ya siku sawa na mjini, lakini treni unashukia Geelong kisha unasubiri basi la Lorne, na wikiendi ni machache, na boksi la nyama na mama mwenye fimbo, haiwezekani.

Jana asubuhi nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa atalalamika. Akasema basi mwanangu, usijisumbue, tumeonana inatosha. Akaenda kuzitoa zile kanga juu ya begi akazirudisha kabatini. Tangu hapo sina raha, mke wangu ananiambia nimekuwa mkali na watoto.

Sasa naomba msaada, mliopo Victoria hasa. Nimebadilisha mawazo nafikiria upande wa Queenscliff na Point Lonsdale. Kule ni tambarare kuliko Lorne, ni kama saa moja na nusu hivi kutoka kwetu, na Point Lonsdale ndio pale mdomoni ghuba inapokutana na bahari kubwa, wanapaita The Rip, meli zote za Melbourne zinapita hapo. Jua halitatoka pale kwenye maji ya wazi kama Lorne, najua, ila ataiona bahari yenyewe. Na pale Queenscliff kuna kivuko cha kwenda Sorrento, dakika 40, magari yanaingia ndani, nahisi huyo mama atakipenda maana kivuko cha Pangani kakipanda maisha yake yote.

Kwa hiyo nauliza. Kuna mtu kashawahi kulala kabini za kambi za karavani upande ule, mlangoni zina ngazi ngapi? Jiko lina moto wa maana au ni kale kajiko ka plagi? Na pale kwenye mnara wa taa Point Lonsdale, kutoka unapoegesha gari mpaka kwenye sehemu ya kuangalia bahari, mtu wa fimbo anafika? Picha za mtandaoni siziamini tena, namtaka mtu aliyekanyaga mwenyewe. Gari naweza kuliachia bila kukatwa mpaka Jumatano saa sita mchana, na ile 940 haijarudi kwenye akaunti, kwa hiyo nina kama dola 600 za kuchezea.

NYONGEZA saa 7 usiku: kuna dada kaniandikia pembeni, shangazi yake ana nyumba ya chini Ocean Grove, upande ule ule wa Point Lonsdale, haipo kwenye mtandao wowote, anampigia asubuhi. Ahsante sana dada. Nikipata jibu nitaandika hapa hapa. Mama bado sijamwambia, na sitamwambia mpaka funguo iwe mkononi.