Zawadi za Sikukuu mwaka huu ni za mkono tu, nimpe nini fundi wa ukili?

BintiWaWete:
Asalaam alaykum jamani. Sie ni mashoga watano, tunajuana tangu tunapelekwa chuoni Wete, sasa wengine tuko Unguja mmoja kaolewa Tanga lakini Sikukuu hatuachani. Kila Idi tunapeana zawadi, mwanzo ilikuwa doti ya kanga au chupa ya mafuta, basi likaja kuwa jambo kubwa, huyu kaleta seti ya vyombo yule manukato ya Dubai, na Idi iliyopita mwenzetu mmoja hakutokea kabisa, baadae ndo tukajua hakuwa na cha kuleta akaona haya. Roho iliniuma wallahi. Sasa tumepiga kura, kila mtu katoa jina la mwenzie, na zawadi lazima uitengeneze mwenyewe. Mie nimemtoa shoga yangu anaesuka ukili, ule msuko wa ukindu wa kushonea mikeka, na mikeka yake watu wanaifata kutoka Chake. Mtu kama huyu nimpe nini? Najua kupika udi na kushona kidogo. Na jengine, kuna mmoja wetu anasema hajui kazi yoyote, anataka amlipe mtu amtengenezee. Mnaionaje hii?

mama_chetezo:
Waalaykum salaam. Mpe udi mwaya, usihangaike, tena mtu anaeshinda kainamia ukindu mchana kutwa akifukiza jioni atakukumbuka. Ila usiupike siku ya kuamkia Idi, upike mapema uutie kwenye chupa yenye kifuniko ukae ukolee. Sukari na marashi moto mdogo, ikianza kuvuta ndo utie vibanzi vya udi ugeuze mpaka vishike vyote, ambari na miski tia ukishaepua manake moto mkali unarusha harufu yote. Na sukari isiungue, ikiungua mwaga uanze upya kwani kwenye chetezo cha kufukizia itanuka sukari tu.

Micheweni_one:
Mie mwanamme lakini nachangia. Rafiki yangu wa maskani alinishonea kofia ya mkono, ile ya vitundu vidogo vidogo kila kimoja kimezungushiwa uzi, ukiigeuza ndani ni safi kama nje. Kofia kama ile ni kazi ya miezi, alikuwa anashona kidogo kidogo akirudi baharini na sie tunamuona tu hatujui ya nani. Ndo maana hilo la kumlipa mtu mie silikubali, hapo mmerudi dukani kwa mlango wa nyuma, na yule asokuwa na pesa atakwama pale pale. Mfundisheni kitu chepesi, nyie si mashoga zake?

dada_paje:
Huku kwetu tunatengeneza sabuni ya mwani na karafuu, ni nzuri sana kwa zawadi lakini ile ya kostiki inataka wiki 4 mpaka 6 ikauke ndo itumike, kwa hiyo kama Idi imekaribia iacheni. Huyo asojua kazi mwambieni afunge vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia vya kujipachika. Asumini achume jioni yakiwa bado yamefumba, mrihani, mlangilangi, afunge na uzi, awapelekee usiku ule ule wa mwezi kuandama, asubuhi kila mtu kapachika chake. Hakuna anaeshindwa na hicho, na mtu akisogea karibu yako anajua leo Sikukuu.

BintiWaWete:
Nimewapenda jamani. Nimeshampigia, vikuba kakubali haraka, kwao uwani muasumini umejaa. Mie na udi basi, na nitamshonea na kifuko cha kitambaa cha kutilia ile chupa. Mama chetezo, marashi nitie yoyote tu?

mama_chetezo:
Marashi mawaridi. Yale ya kupuliza yana spiriti, usiyasogeze jikoni kabisa, yanashika moto.