Mafuta ya bastola ya chuma: CLP, Ballistol au grisi?

Mwana wa Makorora
Wakuu, habari za jioni. Kichupa changu cha oili ya bastola kimekauka na kuna ndugu anarudi kutoka ng'ambo wiki hii, nataka aniletee kingine. Nimebaki na tatu: Break-Free CLP (oili ya kusafisha, kulainisha na kuzuia kutu kwa pamoja), Ballistol, au niachane na oili kabisa nichukue grisi. Silaha ni ya chuma, kibali ninacho. Ipi bora? Nawasilisha.

Fundi Kitasa
Mkuu, umeingia duka la dawa ukasema "naumwa, nipe dawa". Chuma gani? Fremu, yaani kiunzi cha chini chenye mpini, ni chuma tupu au aluminiamu? Unapiga risasi ngapi kwa mwaka? Uko Iringa au uko pwani? Unaivaa kiunoni au inalala kabatini?

Kipanga
Ballistol. Fungeni mada.

Fundi Kitasa
Kipanga, wewe hata ukiulizwa mafuta ya kukaangia samaki utasema Ballistol.

Kipanga
Yapo tangu 1904, Mjerumani hakubahatisha. Unapaka mtutu, unapaka mpini wa mbao, unapaka na mkanda wa ngozi, yote kopo moja. CLP iguse mbao uone.

Babu Simonov
Vijana mna raha, mnachagua. Enzi zetu ukipewa bunduki ya Simonov unapewa na kikopo cha bati chenye vyumba viwili na vifuniko viwili. Huku dawa ya kusafishia, huku oili. Ukikosea kifuniko, afande anakukumbusha kwa njia zake. Risasi za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi haitoki kwa oili, inatoka kwa maji. Tulikuwa tunamimina maji ya moto kwanza, tunakausha, ndipo oili.

Kipanga
Asante babu, umenisaidia bila kujua. Ballistol inachanganyika na maji, inakuwa nyeupe kama tui. Inaosha chumvi na kuacha mafuta kwa mkupuo mmoja.

Fundi Kitasa
Sawa, ila risasi za 9 mm anazonunua mtu dukani leo karibu zote hazina chumvi hiyo. Tumsubiri mwenye mada.

Mwana wa Makorora
Samahani wakuu, umeme ulikatika. Ni CZ 75 B, fremu chuma tupu. Nipo Tanga, kutoka kwangu hadi baharini ni mwendo wa dakika tano kwa miguu. Kulenga shabaha naenda mara mbili kwa mwaka, risasi 50 hazifiki. Muda mwingi imo kwenye holsta (ala) yake ya ngozi, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli.

Mama Mkonge
Hapo kwenye holsta ya ngozi nimeshtuka. Ngoja nikusimulie, na usicheke.

Mimi nina shamba, kibali nilipata baada ya kuvamiwa mara mbili. Nilikuwa najua kitu kimoja tu, WD-40. Napuliza nje, napuliza ndani, napuliza hadi kwenye magazini na risasi zikiwa humohumo, nikiamini mama nimetunza. Masika moja nikaenda kumuuguza dada Dodoma, miezi miwili. Silaha nikaiacha imefungiwa, ndani ya ngozi, kama wewe.

Nimerudi, naichomoa, inakataa kutoka. Ilipotoka, ubavuni mwa slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukipiga, kulikuwa na mstari wa nukta za kahawia, nukta nukta nukta, utadhani cherehani imepita juu ya chuma. Ni mishono ya holsta ndiyo ilikuwa imechorwa na kutu! Ngozi ilikuwa imekunywa unyevu wote wa masika ikaukumbatisha kwenye chuma.

Nikasugua, nikaenda kulenga. Ya kwanza: ka! Kimya. Nikabaki nimeelekeza kwenye shabaha nahesabu hadi 30 kama nilivyofundishwa, jasho linanitoka. Kati ya risasi kumi, tatu hazikulia. Fundi alipoifungua akatoa kwenye njia ya pini inayogonga risasi uji wa kahawia, unanata kama asali iliyosahaulika. Akaniambia mafuta mepesi yanapenya, yanaweza kuingia hadi kwenye fataki ya risasi, ile inayowasha baruti, na yale yasiyopenya yanaokota vumbi na kuganda. Siku ambayo ningeihitaji kweli je?

Dereva wa Segera
Pole mama, lakini usiionee WD-40. Jina lenyewe linasema ni dawa ya kufukuza maji, jaribio la 40, tangu 1953. Inafukuza maji vizuri tu, kulainisha si kazi yake kubwa. Mimi natumia Mobil 1, yale mabaki ya chini ya kopo nikishabadilisha oili ya gari. Mwaka wa sita huu, slaidi inateleza kama bamia.

Babu Simonov
Mabaki ya oili mpya au ile nyeusi uliyoimwaga?

Dereva wa Segera
Mpya babu, jamani!

Babu Simonov
Nauliza kwa sababu nimeona watu wakipaka ile nyeusi. Ina tindikali na unga wa chuma cha injini.

Mnyali
Mimi niko Mombasa na Ceska (CZ) yangu kama hiyo ya mwenye mada. Marehemu babu alipaka gobore lake mafuta ya nazi na halikuota kutu.

Fundi Kitasa
Gobore halina slaidi ya kukwama. Mafuta ya nazi chini ya nyuzi 24 yanaanza kuganda. Yapeleke Lushoto mwezi wa saba uone, utaipasha bastola jikoni? Na ya kula yote mwisho huchacha na kunata.

Turudi kwenye CZ. Slaidi yake inateleza ndani ya fremu, siyo juu kama nyingi. Mifereji ni mirefu na imefichika. Silaha ya kulala miezi sita, oili nyepesi inatiririka yote chini, ukiivuta mifereji mikavu. Kwa hiyo grisi ndani ya mifereji, kiasi cha kuona kimetameta tu, unaipaka kwa kijiti cha pamba. Oili tone moja kwenye kiungo cha nyundo, na filamu nyembamba juu ya mtutu pale unapong'aa kwa kusuguana. Hata mafuta ya cherehani yanatosha kwenye viungo, ila hayazuii kutu muda mrefu. Njia ya pini, chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) na ndani ya magazini: kavu. Na kabla ya yote magazini nje, chemba itazame kwa macho na uiguse kwa kidole, risasi ziweke chumba kingine.

Kipanga
Maneno yote hayo na nje ataipaka nini? Ballistol.

Dereva wa Segera
Angenunua Glock, fremu yake ya plastiki, asingehangaika na fremu.

Mnyali
Slaidi ya Glock ni chuma pia kaka, na chumvi ya bahari haisomi jina.

Mwana wa Makorora
Holsta nimeitoa leo asubuhi. Ndani kuna ukungu wa kijani. Bastola kwa sasa nimeizungushia soksi safi. Sasa ndugu ananipigia, yuko dukani: nimwambie ipi? Ameshika kopo la kupuliza.

Mama Mkonge
La kupuliza aliache, litabaki uwanja wa ndege. Na hata la kumimina aulize shirika lake kwanza.

Mwana wa Makorora
Amekata simu.

Kipanga
Atakuwa amechukua Ballistol.

Shemeji wa Ngamiani
Wakuu samahani, natoka nje ya mada kidogo. Hayo mafuta ya cherehani mliyoyataja hapo juu, yanafaa feni ya dari? Yangu inalia usiku kucha.

Fundi Kitasa
Feni gani? Ya bushi au ya beringi? Inalia mwendo wa kwanza au wa mwisho?